Usiniulize nauza ngapi

Kuna swali limenichosha kushinda "utarudi chuo lini", na hilo la chuo mnajua vile hulisikia kila Krismasi. Swali lenyewe ni hili: "Hiyo unauza ngapi?"

Naulizwa ndani ya mat. Naulizwa kwa kinyozi. Naulizwa huku mtandaoni kila nikiweka picha ya sindano mbili na donge la uzi. Msee hajauliza natengeneza nini. Hajauliza imenichukua siku ngapi, ama ni ya nani. Anaruka moja kwa moja hadi bei, na nikisema siuzi ananiangalia kama nimemwambia naenda kuosha maji.

Leo nataka tugombane kidogo juu ya hili. Tangu baridi iingie Nairobi nimepata jumbe kibao za vijana wanaotaka kuanza kufuma, na karibu wote wanauliza vitu viwili kwa pumzi moja: nianze na nini, na iko na pesa? Msimamo wangu nauweka hapa juu ndio mwenye haraka aende zake. Kitu chako cha kwanza kiwe kidogo. Kiwe cha mtu unayemjua kwa jina, hata kama mtu huyo ni wewe. Na kisiuzwe. Ukitaka kuuza cha 20, uza, hata nitakuletea mteja. Cha kwanza hapana.

Tuelewane kwanza kwa maneno, kwa sababu mtaani kila kitu cha uzi huitwa "kushona". Kushona ni cherehani na kitambaa. Krosheti ni ile ya sindano moja yenye ndoano kichwani, ndiyo ilitengeneza vile vitambaa vyeupe vya makochi ya shosho ambavyo ulikatazwa kuvigusa. Kufuma ninakoongelea mimi ni sindano mbili ndefu. Vitanzi vimejipanga kwa sindano ya kushoto, unavihamisha kimoja kimoja kwenda ya kulia, na kila ukihamisha unakuwa umevuta uzi mpya katikati ya kitanzi cha zamani. Ni hivyo tu. Sweta ya shule, soksi, marvin, hata hiyo tishati umevaa sasa hivi, zote ni vitanzi ndani ya vitanzi. Ukiamini si hivyo, ivue uiangalie karibu na taa.

Sasa ukienda YouTube kutafuta pa kuanzia utaambiwa skafu. Kila mzungu mwenye sauti ya upole na paka kando yake anasema skafu. Sababu yao iko na akili: skafu ni mstatili, haina kona, haina kupunguza vitanzi, haitaki kipimo cha mtu. Lakini wanaongea na msee wa Oslo ama Toronto mwenye miezi ya theluji mbele yake. Wewe uko Pipeline. Baridi yetu ni Juni hadi Agosti, na hata hiyo, jua likitoka saa saba mchana unabeba jaketi mkononi.

Na hali ya hewa ndiyo shida ndogo. Shida kubwa ni hesabu. Chukua uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 5. Hapo unapata kama vitanzi 18 kwa kila sentimita 10 za upana. Ukifuma ule mtindo rahisi kabisa, wa kuvuta kitanzi cha mbele tu kila mstari, unapata kama mistari 36 kwa kila sentimita 10 za urefu. Skafu ya upana wa sentimita 20 na urefu wa mita moja na nusu ni vitanzi 36 mara mistari 540. Hiyo ni vitanzi 19,440. Mtu mpya akijikaza anafanya kama 12 kwa dakika. Gawanya. Saa 27. Saa 27 za kitendo kimoja na rangi moja, kwa kitu utakachovaa wiki sita kwa mwaka.

Binamu yangu alianza moja 2022, ya kijivu. Bado iko chini ya kitanda chake, imefika sentimita 40, sindano zingali ndani, kama mgonjwa aliyesahauliwa na dripu mkononi. Na yeye hasemi kwamba aliambiwa aanze na kitu kibaya. Anasema, "Mimi si mtu wa kumaliza vitu." Hapo ndipo mimi hukasirika. Huyu msichana amemaliza diploma ya uuguzi. Amewalea wadogo wake wawili tangu mamake asafiri Saudia kutafuta kazi. Lakini skafu moja imemshawishi kwamba yeye ni mtu wa kuacha vitu katikati. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo najua vile neno "kumaliza" hutumiwa kugonga mtu nalo kichwani. Sitaki uzi uongeze rungu lingine.

Mfuko wa simu. Hilo ndilo jibu langu mtu akiniuliza aanze na nini, na wengi hucheka, wanaona ni kitu cha watoto. Hesabu tena basi. Anzisha vitanzi 16. Fuma mbele-mbele, bila mbwembwe, hadi upate kipande cha sentimita 34. Kikunje katikati, shona pande mbili kwa uzi uleule ukitumia sindano yenye tundu kubwa, kama ile ya kushonea gunia. Umemaliza. Ni kama vitanzi 1,950, yaani chini ya saa tatu, sehemu ya kumi ya ile skafu. Unaweza kuanza Jumamosi baada ya chai na saa ya chakula cha mchana simu yako iko ndani. Na itakaa ndani kila siku, si Julai peke yake. Utaishika mara mia kwa siku, na kila ukiishika vidole vyako vitapita pale ulikaza sana na pale ulilegeza sana, na vitajifunza bila wewe kuviambia.

Hesabu vitanzi vyako kila ukifika mwisho wa mstari. Hii sijali umechoka kiasi gani. Ni 16? Endelea. Ukipata 17, karibu kila mara ni pale mwanzo wa mstari: uzi ulikuwa umepita juu ya sindano badala ya kushuka mbele yake, kitanzi cha kwanza kikajivuta kikaonekana kama viwili, ukavifuma vyote. Ukipata 15, kimoja kimeanguka. Usipige nduru. Kidake na pini kabla hakijashuka ngazi, umalize mstari, kisha ukirudishe. Mambo haya mawili ndiyo huwafanya watu wengi wadhani wana mikono mibaya, na yote mawili yanaonekana haraka kwenye vitanzi 16. Kwenye vitanzi 36 unayagundua siku tatu baadaye, skafu ikianza kupanuka kama barabara ya Thika.

Ukishapata mfuko, fanya utepe wa kichwa. Vitanzi 18, urefu wa sentimita 48 hivi, unaunganisha ncha mbili, unaenda nao kukimbia ama unashikilia dredi zako nao. Mpime mtu kwanza, kwa sababu kuna vichwa na vichwa. Halafu sasa ndio uingie kwa marvin. Watu wanaogopa marvin kwa sababu ni ya mviringo na wanadhani lazima wanunue sindano za mviringo. Si lazima. Ifume ikiwa imelala: anzisha vitanzi 40, ambavyo ndivyo kimo cha kofia, endelea mbele-mbele mpaka kipande kizunguke kichwa, kama sentimita 50, ukikivuta kidogo. Shona ncha pamoja upate bomba. Pitisha uzi kwenye ukingo wa juu, uvute kama mdomo wa gunia la viazi, ufunge. Huo ndio ujuzi wote. Hujajifunza kitu kipya tangu mfuko wa simu, na sasa uko na marvin.

Kitu kimoja cha kuangalia: usifume kishikio cha sufuria kwa uzi wa akriliki. Akriliki ni jamaa ya plastiki. Ikikutana na sufuria ya moto inayeyuka, na inaweza kuyeyukia kwa kidole chako. Ya jikoni tumia pamba.

Ukitaka kujua chuki ya kufuma ilianzia wapi hapa Kenya, muulize mtu aliyesoma 8-4-4 miaka ile ya mwanzo. Mfumo uliingia 1985, na kazi za mikono zikawa masomo. Shule ya mathee, huko mashambani, iliagiza kila mtoto aje na sindano mbili na uzi. Hakuna mzazi alikuwa na pesa ya sindano, kwa hivyo watoto wakaenda kung'oa spoku za baiskeli, wakazinoa kwa jiwe. Mathee akinisimulia hucheka, lakini kicheko chenyewe si cha furaha. Spoku ya kawaida iko na unene wa milimita 2 hivi. Jaribu kufuma uzi mnene kwa waya wa milimita 2 ukiwa na miaka 11, mwalimu amesimama nyuma yako na kiboko. Vitanzi vinakaza hadi havisongi. Kinachotoka ni kigumu kama mkeka, na kinatoka polepole, kwa sababu sindano nyembamba inataka vitanzi vingi zaidi kujaza nafasi ileile. Alifuma soksi moja. Ya pili haikuwahi kuzaliwa. Darasa zima likatoka pale likiamini kwamba kufuma ni adhabu, na ukweli ni kwamba walipewa vifaa vya adhabu.

Siku hizi mtaala mpya umerudisha kazi za mikono na wazazi wanalia kwenye vikundi vya WhatsApp kuhusu vitu vya kununua. Nawaelewa. Lakini sindano si lazima zitoke duka la wenye nazo. Vijiti vya kulia vya Kichina, vile vya mianzi, vinakaribia unene tunaotaka. Chonga ncha iwe butu kidogo, piga msasa hadi isikwaruze uzi, zungusha raba bendi upande wa nyuma ndio vitanzi visitoroke. Jozi yangu ya kwanza ilikuwa hiyo. Vijiti vya mishkaki pia vinafanya kazi, ila ni vyembamba, tumia na uzi mwembamba.

Uzi nao usikutishe. Nenda duka lolote la nywele mtaani, ule uzi wa Brazil wanaosukia rasta ni akriliki, na kufuma unafumika. Ni mwembamba kidogo, kwa hivyo shika nyuzi mbili pamoja ufume kama mmoja. Ukiwa na nauli ya kwenda tao, ingia maduka ya vitambaa pale Biashara Street uguse madonge kwa mkono. Chagua rangi nyepesi: manjano, krimu, waridi. Nyeusi iache, hasa kama unafuma usiku na stima za kwenu zinapenda kutembea, kwa sababu huwezi kuona kitanzi kiko wapi. Ule uzi wenye manyoya nao uache kabisa. Ni mrembo dukani, na ukiteleza hauna njia ya kurudi. Uzi wa kondoo halisi tunao hapa hapa, kuna akina mama Nanyuki wamesokota sufu kwa mkono miaka mingi, lakini huo ni wa siku ukishajua unachofanya.

Na hapo kwa kurudi ndipo kuna jambo lenyewe. Kiswahili kiliona hili mapema. Kufuma na kufumua ni neno moja, umeongeza u tu katikati, kama kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua. Kitambaa ukikikata vibaya umekikata, kimeenda. Kilichofumwa vibaya unavuta uzi, kinarudi kuwa donge, unaanza upya na hujapoteza hata senti. Kwa mtu mpya huo ndio uhuru wote wa hii kazi. Mfuko wangu wa kwanza nilifumua mara nne. Mara nne! Na nilikuwa nafurahia, kwa sababu kila nikirudi mkono unajua zaidi.

Sasa niambie, mwenye ameshachukua oda ya watu watano kwa WhatsApp atafumua mara nne? Hatafumua hata mara moja. Ataficha shimo kwa kushonea kifungo juu. Atachagua nyeusi kwa sababu nyeusi ndiyo watu wananunua, na hataona vitanzi vyake. Ataharakisha. Baada ya mwezi atakuwa ametengeneza vitu 10 vibaya kwa njia ileile mbaya, na atasema kufuma hakulipi. Kweli hakulipi. Tufanye na hiyo hesabu pia, maana naona mnanichukulia kama mtu wa ndoto.

Ile marvin ya vitanzi 40 inataka mistari kama 180. Ni vitanzi 7,200, saa 10 kwa mtu mpya. Uzi nilinunua wa soo mbili na nusu. Gikomba unapata marvin ya mtumba kwa mbao ukibahatika, soo moja ukikosa bahati. Tuseme umempata mteja mwenye roho safi akakupa soo tano. Toa uzi, umebaki na mia mbili hamsini, gawa kwa saa 10. Shilingi 25 kwa saa. Mtu wa mjengo atakucheka mpaka aangushe karai.

Na hii bei haikuharibika juzi. Mwaka wa 1589 huko Uingereza kasisi mmoja, William Lee, aliunda mashine ya kufuma soksi. Ni zaidi ya miaka 430 sasa mkono unashindana na mashine kwa bei na unashindwa. Sweta yako ya sekondari ilitoka kwa mashine. Jirani yetu pale ploti, yule mama aliyenionyesha kuanzisha vitanzi, anakula kwa mashine ya kufuma sweta za shule, na akitaka kumfumia mjukuu wake anaweka mashine kando anachukua sindano. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Hiyo ya mashine ni kazi, kijana wangu."

Najua kuna wasee wa krosheti watanirukia hapa. Tulieni. Krosheti ni stori nyingine: mpaka leo hakuna mashine inayofanya krosheti yenyewe kama mkono, ndio maana zile kofia na blauzi zenu zinaenda kwa bei nzuri na nawapigia saluti. Lakini mwulize yeyote kati ya hao wanaouza vizuri alikaa na ndoano muda gani kabla mtu hajamlipa. Na umwulize cha kwanza alimpa nani.

Kinachoniuma hasa hakiko kwenye hesabu. Nimekaa kwenye warsha za vijana nyingi kuliko mihadhara ya chuo. Za kanisa, za mashirika, za mwanasiasa anayetaka kura. Wote wako na dawa moja: ujuzi wa mikono. Mwaka mmoja ni shanga, mwaka mwingine sabuni ya maji, kisha keki, sasa imefika zamu ya uzi. Unapewa madonge mawili, cheti, soda, na unapigwa picha umeshika sindano kama umeshika mwenge. Kisha unaambiwa toka ukajiajiri. Hakuna anayesema kwamba hao watu 60 waliojaa ukumbini watatengeneza kitu kimoja, wauze mtaa mmoja, kwa watu walewale wasio na pesa. Hakuna kazi, na hiyo si kwa sababu sisi hatujui kufuma. Lakini ukiuza uzi na ukashindwa, lawama inageuka kuwa yako: hukujituma, hukutafuta soko, hukupiga picha nzuri. Mwenye alipaswa kuulizwa kuhusu kazi ameshaenda zake na gari lake.

Halafu tunachukua lugha yao tunaileta nyumbani. Mtoto wa jirani akichora, "uza hiyo". Beshte wako akiimba bafuni, "weka TikTok". Msee akilala mchana Jumapili anaambiwa wenzake wanajenga himaya. Imefika mahali kijana asiye na kazi haruhusiwi hata kuwa na saa tatu za bure zisizo na risiti. Wenye pesa wanaita kitu kama hiki burudani. Sisi tukifanya lazima kiwe biashara, la sivyo tunapoteza wakati. Wakati wa nani, na nani alikuwa ameununua?

Mimi kazi yangu ni kuuza, sikatai. Nikipika chapati kamera iko. Nikinyolewa kamera iko. Ndiyo hulipa keja na ndiyo ilimlipia mdogo wangu karo ya muhula uliopita. Kwa sababu hiyo najua vizuri kuliko wengi kile hufanyika kitu kikipata bei. Siwezi tena kula chapati bila kufikiria mwanga unatoka upande gani. Kwa hivyo nilipoanza uzi nilijiwekea mpaka: picha sawa, nitaweka, nafunza yeyote anayetaka, lakini hakuna oda. Watu watatu wamenitumia pesa bila kuniuliza, nikazirudisha, pamoja na gharama ya kutuma.

Kuhusu hii ya "kazi ya wanawake" sitapoteza muda mwingi. Vitu vya zamani zaidi vya kufumwa kwa njia hii vilivyopatikana vilitoka Misri, soksi za pamba za bluu na nyeupe, za karne kama ya 11 hadi ya 14. Kwa hivyo anayeniambia hii ni tabia ya kizungu pia aketi chini. Kwenye kisiwa cha Taquile, Peru, ndani ya Ziwa Titicaca, wanaofuma kofia ni wanaume, na mvulana hufundishwa akiwa bado mdogo. UNESCO iliutambua ufundi wao 2005. Na Tom Daley, mpiga mbizi wa Uingereza, alishinda dhahabu kwenye michezo ya Olimpiki ya Tokyo 2021, kisha dunia ikamwona ameketi kwa viti vya mashabiki na sindano zake. Unajua medali yake aliiweka wapi isikwaruzike? Kifuko cha uzi alichojitengenezea. Ndiyo, mfuko, kile mlichokuwa mnacheka. (Baadaye alianzisha biashara ya vifaa vya kufuma, najua, msiniletee. Kifuko hakukiuza.)

Konda mmoja wa mat za kwetu alinipigia kelele miezi miwili, "Shosho, songa ndani!" kila nikipanda na sindano. Wiki iliyopita aliketi kando yangu kukiwa na msongamano, akaniuliza kwa sauti ya chini kama inawezekana kutengeneza kofia ya mtoto wa miezi minne. Nikamwambia vitanzi 28, azungushe hadi sentimita 36 hivi, aivute kidogo, atumie uzi laini usiomwasha mtoto. Akaandika kwa kiganja.

Ya mathee ilikuwa kitu changu cha tatu. Anatoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda Marigiti kununua mboga, na Julai saa hiyo hakuna utani. Nikafuma marvin ya manjano ya kiini cha yai, ndio boda wamwone gizani. Nyuma, karibu na sikio la kushoto, kuna mistari sita hivi imelegea. Ningeweza kuifumua, nikamwonyesha, akasema niache, hapo ndipo panampumzisha kipuli. Mwezi uliopita mteja wake akamwambia amuuzie hiyo kofia papo hapo, soo sita mkononi. Nawaambia ukweli, soo sita si pesa ndogo kwa meza ya sukuma wiki. Mathee akamwambia, "Hii ni ya kijana wangu," akaendelea kumkatia mboga. Akanisimulia jioni tukila, bila kunitazama, na sikujua niseme nini, nikaomba chumvi.

Kwa hivyo ukinitumia ujumbe wiki hii, niulize vitanzi vingapi. Niulize kwa nini ukingo wako unajikunja, niulize uzi gani hauwashi. Niulize unamfumia nani, nitakusikiliza hadi usiku.

Na kama uko Umoja ama karibu, na uko na sindano za milimita 5 ambazo mathee wako alizifungia sandukuni, nitafute. Kuna vijana watatu kwa ploti yetu wanangoja zangu, na mimi niko mstari wa 60 kati ya 180.